Wazee nao watunge nyimbo mpya, wasiimbishwe za zamani tu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nitoe la moyoni kuhusu makala mliyochapa hivi karibuni juu ya maisha baada ya kustaafu. Mwandishi wenu alitushauri tufuge kuku wa kienyeji, tulime mchicha, tujiunge na vikoba, na wenye vipaji vya muziki wajiburudishe kwa kumbukumbu za enzi zao. Ushauri wa kuku nimeupokea. Ninao, na mwewe wa hapa Ujiji ananisaidia kuwapunguza. Hilo la kujiburudisha kwa kumbukumbu ndilo limenifanya nishike kalamu.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mwanamke wa miaka 60 na ushee. Nilitunga nyimbo nikiwa msichana, nikaacha kwa muda mrefu, na sasa nimerudi. Nikipeleka wimbo mahali, watu wako radhi kabisa kunisikiliza mradi niimbe ya mwaka arobaini na saba. Nikisema huu ni mpya, nimeutunga juzi juzi, nyuso zinabadilika. Mzee anaruhusiwa kukumbuka, haruhusiwi kutunga. Hapo ndipo ninapogombana na makala yenu, na si makala yenu peke yake.

Nilichukuliwa mwaka 1976, nimetoka tu darasa la saba, katika ule mpango wa kuandaa walimu wa UPE (elimu ya msingi kwa wote) huko huko vijijini. Tulikuwa tunafundisha huku tunafundishwa, masomo mengine yakitufikia kwa posta na kwa redio. Elimu ya msingi kwa wote ilipoanza rasmi mwaka 1977, madarasa yalifurika na vitabu vilikuwa haba. Nikagundua kwamba jedwali la kuzidisha linaingia upesi zaidi likiimbwa. Kutoka hapo sikushikika. Nilitunga wimbo wa kuchemsha maji, wimbo wa kupanda muhogo kwa mistari, wimbo wa kumpokea mgeni rasmi (huo ulikuwa na pengo la kuweka jina la mgeni, kwa kuwa walikuwa wanabadilishwa dakika ya mwisho), na za mahafali ya darasa la saba ambazo ziliwaliza wazazi mpaka mwalimu mkuu akaniomba nizipunguze uchungu. Zote niliziandika kwa sol-fa, do re mi, pembeni mwa maandalio ya masomo. Mkaguzi mmoja alitia alama nyekundu juu ya wimbo mzima akidhani ni hesabu iliyokosewa.

Wimbo wa shule hauna mwenyewe. Miaka mingi baadaye nilisimama kwenye uwanja wa shule nyingine kabisa, wilaya nyingine, nikasikia kwaya ya watoto inaimba wimbo wangu wa muhogo, jina la kijiji limebadilishwa na beti moja imeongezwa, tena nzuri kuliko zangu. Nikamuuliza mwalimu wao umetoka wapi. Akanijibu, "Huu ni wa asili, mama, umekuwepo siku zote." Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inasema haki ya mtunzi inadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kwa hiyo nitakuwa mtunzi hata kaburini, shida ni kwamba hakuna anayejua.

Kuacha niliacha bila ugomvi na mtu. Kulikuwa na watoto, uhamisho, madarasa makubwa, mume aliyeugua muda mrefu. Kutunga kunataka mtu aweze kubaki na mstari mmoja kichwani kutoka bombani mpaka jikoni bila kukatizwa, na mimi nilikuwa mtu wa kukatizwa. Sina kinyongo na miaka ile.

Sasa nisikilizeni jinsi nilivyorudi, kwa sababu watu wengi wanafikiri mzee anarudi kwenye muziki kwa kukumbuka ujana. Mimi nilirudishwa na habari za mjini. Mwaka 2024, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana, maana dagaa na migebuka wamepungua na kila anayekaa hapa analijua hilo kwa kutazama sahani yake. Sibishani na uamuzi. Ziwa lilikuwa limechoka. Lakini jirani yangu ni mchuuzi wa dagaa. Ananunua mwaloni Kibirizi, anaanika, anafungasha, mzigo unakwenda kwa treni. Katika wiki hizo aliketi barazani kwangu na beseni lake tupu, kwa mazoea tu, mikono isikae bure. Kila mtu mjini alikuwa anasema ziwa limepumzishwa, ziwa limepumzishwa. Akaniangalia akasema, "Haya, ziwa limepumzishwa. Na mimi nani atanipumzisha?"

Alikuwa analalamika, hakuwa anaghani. Ila mimi niliposikia nilianza kuhesabu kwa vidole chini ya kanga. Ziwa limepumzishwa: mizani, yaani silabi, nane. Nani atanipumzisha: tisa, lakini ukiimeza ile "a" ya mbele kama washairi wanavyofanya tangu zamani, nane. Nane kwa nane, na kina cha mwisho kinatofautiana na cha kati kwa herufi moja. Mtu anaweza kukaa mwaka mzima asipate kituo, yaani mstari wa kufungia ubeti, cha namna hiyo, na jirani yangu kakidondosha akiwa anatafuta pa kuweka miguu. Nilimwomba ruhusa. Alicheka, akasema nichukue, ila nikipata hela nimkumbuke. Nilimaliza ubeti wa kwanza kabla sijalala:

Beseni limekauka, kisado sijakijaza,
Mwenye duka anishika, deni lake kumaliza,
Giza la mwezi lafika, taa hazijaangaza,
Ziwa limepumzishwa, nani 'tanipumzisha?

Kwa wasomaji wa bara wasiojua: dagaa wetu huvuliwa usiku kwa taa, na usiku mzuri ni ule wa giza. Mbalamwezi ikipea, wavuvi hupumzika. Kwa hiyo giza kufika bila taa hata moja majini ni jambo ambalo mtu wa Kigoma akilisikia katika wimbo haelezwi maana yake.

Mngeweza kuniambia nipeleke ubeti huo kwenye ukurasa wenu wa mashairi. Ni wimbo, Mhariri, una sauti yake. Sisi wa huku tumelelewa na rumba. Usiku redio za nyumbani zilikuwa zinashika Bujumbura na Kongo ng'ambo ya ziwa kuliko zilivyokuwa zinashika Dar es Salaam. Wimbo wangu ni rumba ya taratibu, na nilitaka urekodiwe.

Mjukuu wangu alinipeleka studio moja kule Mwanga. Ni chumba kimoja, kuta zimebandikwa trei za mayai na blanketi ili sauti isirudi, kompyuta moja, maiki moja, feni inayozimwa wakati wa kuimba. Prodyuza ni kijana wa miaka ishirini na kidogo, mwenye adabu, kila sentensi "Bibi, samahani". Aliniuliza naimba kii gani. Nikamwambia do iko hapa, nikaimba. Alivyokuwa hajui sol-fa na mimi sijui kompyuta, tuliazimana: mimi nataja noti, yeye anatafuta kidole chake kinapotua kwenye kinanda. Baada ya muda akaanza kuandika d, r, m kwenye karatasi yake. Jambo moja lilinikera na nilimwambia wazi. Sauti yangu imeshuka. Do yangu ya sasa iko chini sana kuliko ya ujana, na kwenye noti ndefu inatetemeka kidogo. Akataka kuipitisha kwenye programu ya kunyoosha sauti. Nikakataa. Mama anayeulizwa deni dukani sauti yake haijanyooka.

Kazi yenyewe ilikuwa kwenye biti. Nimefundisha miaka yote kwamba mkazo wa neno la Kiswahili unakaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Limepumzishwa: uzito uko kwenye "zi", halafu "shwa" inashuka. Biti ya kijana ilikuwa na ngoma nzito inayoanguka mwisho wa mstari, nami nikajikuta naimba limepumziSHWA, kama mgeni aliyeshuka jana kwenye meli. Yeye hakuona tatizo. Nyimbo nyingi anazotengeneza ziko hivyo na watu wanacheza. Nikamwambia wachezaji sina ugomvi nao, lakini mstari huu ukipinda mkazo unageuka utani, na huyu mama hatanii. Akataka kuiondoa ngoma. Nikamzuia, kwa sababu ngoma ilikuwa nzuri mno. Tukasogeza maneno: mstari ukaanza nusu pigo mapema, "zi" ikaangukiwa na ngoma, "shwa" ikabaki inaelea peke yake kabla "nani" haijaingia. Tulipousikiliza yule kijana alivua hedifoni akasema, "Bibi, hapo umenifundisha kitu." Nami nilikuwa nimefundishwa kitu: bila ngoma yake, kile kimya kifupi kabla ya "nani" kisingesikika kabisa.

Haya. Nikaweka wimbo kwenye flashi, nikaenda redio moja ambayo sitaitaja. Mtangazaji alinipokea vizuri, shikamoo mbili, kiti, soda. Alipoona mvi zangu alikuwa ameshapanga: Jumapili usiku, kipindi cha zilipendwa. Nikamwambia wimbo huu hauwezi kuwa zilipendwa, haujawahi kuchezwa popote, hakuna aliyepata muda wa kuupenda. Akacheka sana, akasema basi nimwimbie moja ya zamani mubashara, wasikilizaji wanapenda kusikia bibi zao. Kuhusu wimbo mpya, akaniambia kwa upole kabisa, mchana ni wa vijana. Wakati tunaagana akaniita Bi Kidude wa Kigoma.

Ninajua alikusudia heshima. Lakini Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, maisha yake yote yalikuwa ngoma, unyago na taarabu; mimi nimekaa na chaki. Kunifananisha naye ni kunivisha koti la mtu. Kama lazima nitafutiwe mtu, nitafutieni Siti binti Saad, si kwa sauti, kwa hoja. Alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, akiwa mwanamke wa kwanza wa pwani yetu kufanya hivyo, alikuwa anakaribia miaka 50. Na alichoimba hakikuwa kumbukumbu za usichana wake. Aliimba yaliyokuwa yanatokea Zanzibar wakati ule, mambo ya mahakamani, wakubwa wanaoonea wadogo, mjini watu wakiyazungumza yeye anayaweka kwenye wimbo. Hakuna aliyemwambia mchana ni wa vijana.

Hapa kwetu watu wanajivunia sana wasanii. Ukishuka stesheni tu utaambiwa Ali Kiba asili yake Kigoma, Diamond asili yake Kigoma, na wengine utawahesabu mpaka uchoke. Wazee kidogo watakukumbusha marehemu Shem Karenga, ambaye nchi nzima inamjua kwa Tabora Jazz, kwamba muziki wake aliuanzia hapa na Lake Tanganyika Jazz. Nami nawajivunia wote. Lakini angalia mpangilio wenyewe: kijana anachezwa kwa alichotoa wiki hii, mzee anachezwa kwa alichotoa miaka ya sabini, na katikati hakuna kitu. Mtu akivuka umri fulani muziki wake unahamishiwa usiku wa Jumapili pamoja naye, hata kama yaliyo ndani yake ni ya jana asubuhi. Nani basi ataimba habari za ujane, za kulea wajukuu ambao wazazi wao wako Dar, za presha, za shamba la urithi linalogombewa na ndugu? Vijana? Hawajayaona bado, na wala si kosa lao.

Mashindano ya vipaji nayo ni hivyo hivyo. Fomu niliyopewa ilisema mwisho miaka 35. Umri huo najua unakotoka, ndio ukomo wa kijana katika Sera ya Maendeleo ya Vijana ya mwaka 2007, na kwa mashindano ya vijana ni haki. Lakini yale yalitangazwa kuwa ya kutafuta vipaji, hayakuandikwa vya vijana. Katika ofisi nyingine nilikwenda kuuliza mikopo ya halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato yake ya ndani ambayo wanawake tuna asilimia 4. Tuko kikundi cha kina mama, wawili wanaimba vizuri kunizidi na mmoja anapiga ngoma ambayo ukiisikia utaacha chungu jikoni kiungue. Afisa aliuliza mradi wetu ni upi. Nikasema nyimbo. Akaangalia fomu, akaniangalia, akauliza hatufikirii kuku?

Kuku, Mhariri! Ndipo nilipoikumbuka makala yenu.

Ninachoomba si fadhila wala kipindi maalumu cha wazee. Kipindi maalumu ndicho hicho hicho chumba cha uani kwa jina jingine. Redio zipokee wimbo kwa masikio, mwaka wa kuzaliwa wa mtunzi wausome baadaye wakitaka. Maofisa utamaduni wanapoandaa matamasha watualike kwa kazi mpya, na wasitupe dakika tano za kufungua shughuli kabla watu hawajafika, kisha tukavishwe shada la maua. Mashindano yanayosema vipaji yaseme umri au yaache vipaji. Na nyinyi wa magazeti mkituandika, msitupige picha tukiwa tumeshika magitaa tusiyoyapiga. Mimi sipigi gitaa. Ninatunga kwa daftari, kwa vidole na kwa simu ya mjukuu ambayo ninarekodia nikiwa jikoni, ndiyo maana katika rekodi zangu zote za mwanzo kuna mlio wa vitunguu.

Kwa wenzangu waliostaafu, hasa walimu, kwa kuwa najua mko wengi mlioacha daftari za sol-fa chini ya masanduku: chukueni mstari kwa anayelalamika karibu yenu, uhesabuni, halafu mtafute kijana mwenye kompyuta na adabu. Wapo. Msimwachie kila kitu na msimnyang'anye kila kitu. Mlipeni. Wangu nilimlipa kwa awamu, na jirani yangu mchuuzi, mwenye kituo chake, nilimpelekea debe la mahindi kwa kuwa hela bado haijaonekana. Alilipokea akaniuliza sasa wimbo utachezwa lini.

Wimbo uko kwenye flashi kwa yule mtangazaji. Ukichezwa saa nane mchana katikati ya nyimbo za vijana, asiyeupenda atahama stesheni kama anavyohama nyingine. Wa pili nimeshauanza. Huo unahusu kikokotoo, ile hesabu ya mafao yetu ya kustaafu, na wahusika nawaomba wajiandae.

Mwalimu mstaafu,
Ujiji, Kigoma.